Weka Shoka Chini: Namna ya Kuchinja, Kukata na Kuandaa Nyama ya Nguruwe

Ukipita kwenye bucha nyingi za kitimoto, kuanzia Moshi hadi Mbeya, utakuta kazi inafanywa kwa namna moja. Nguruwe analazwa juu ya gogo, shoka linapanda na kushuka, na kila mteja anafungiwa kilo yake ya mchanganyiko: kipande cha paja, mbavu mbili, ngozi kidogo na mifupa iliyopasuka. Nyama yenyewe ni nzuri, ila imekatwa vibaya. Laini imechanganywa na ngumu, kwa hiyo ikifika jikoni moja inakauka kabla nyingine haijaiva, na mlaji anatafuna huku akitema chembe za mfupa.

Makala haya ni kwa wenye bucha ndogo, wafugaji wanaouza nguruwe wao wenyewe, na familia zinazochinja mmoja kwa ajili ya Krismasi, kipaimara au harusi. Ninachotaka kuwashawishi ni jambo moja: mwili wa nguruwe tayari umegawanyika wenyewe. Misuli imetenganishwa na utando mweupe, na mifupa imeungana kwenye viungo. Mkataji mzuri hufuata migawanyiko hiyo kwa kisu chembamba chenye makali, na huuachia msumeno kazi chache zinazobaki. Akifanya hivyo, nguruwe yule yule humpa nyama safi zaidi, yenye bei tofauti kwa kila kipande, na chakula kinachoiva sawasawa.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji vitu vichache vilivyo imara.

Cha kwanza ni kisu cha kutolea mifupa: bapa jembamba, gumu, lenye urefu wa sentimita 15 hivi, na ncha kali. Hicho ndicho kitakachofanya sehemu kubwa ya kazi. Cha pili ni kisu kirefu cha sentimita 25, kilichopinda kidogo kwenye ncha, cha kukatia mapande makubwa na steki kwa mvuto mmoja mrefu. Cha tatu ni msumeno wa mkono wa kukatia mifupa, wenye meno madogo. Msumeno wa seremala haufai, kwani meno yake hushika nyama na huwa vigumu kusafisha.

Baada ya hapo tafuta kinoo na chuma cha kunyooshea makali. Watu wengi huchanganya kazi za vitu hivi viwili. Kinoo hula chuma na kutengeneza makali mapya. Chuma cha kunyooshea hurudisha mahali pake makali yaliyojikunja wakati wa kazi. Noa kwenye kinoo kabla ya siku ya kazi, ukiinamisha kisu kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, upande mmoja kisha mwingine, bila kubadilisha pembe. Ukiwa kazini, pitisha kisu kwenye chuma kila unapohisi kinaanza kuburuta. Kisu butu ndicho hatari zaidi, kwa sababu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na kinachosukumwa kwa nguvu kikiteleza huishia mkononi. Kama uwezo upo, nunua glovu ya nyuzi za chuma kwa ajili ya mkono unaoshika nyama.

Kuhusu gogo: mipasuko yake hunywa damu na mafuta, na hakuna brashi inayofika kule chini. Mamlaka za nyama zimekuwa zikihimiza bucha ziachane na gogo na shoka, na zinasema kweli. Meza yenye ubao mzito wa plastiki, au ubao wa mti mgumu usio na ufa, inatosha. Ongeza kulabu kadhaa za kutundikia, mizani, aproni, ndoo safi, na kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Hicho cha mwisho wengi hukidharau, ila katika nyama ya nguruwe kina kazi kuanzia maji ya kunyonyolea hadi sahani ya mlaji.

Siku ya kuchinja

Ubora wa nyama huanza kabla ya kisu. Mnyime nguruwe chakula kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kumchinja, lakini maji ya kunywa yawepo muda wote. Tumbo likiwa tupu, utumbo hutoka bila kupasuka na kuchafua nyama. Mwache apumzike mahali tulivu. Nguruwe aliyekimbizwa, kupigwa na kuburutwa kwa kamba hadi dakika ya mwisho hutoa nyama iliyopauka, tepetepe, inayovuja maji kwenye sinia, na hakuna kiungo kitakachoirekebisha. Kwa hiyo kumtendea mnyama kwa upole ni wajibu chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, na pia ni faida ya muuzaji. Azimishwe kwanza, apoteze fahamu, ndipo mshipa mkubwa wa damu ukatwe, na damu iachwe ichuruzike yote.

Kunyonyoa kunataka maji ya nyuzi joto 60 hadi 65. Yakiwa baridi zaidi, nywele hazing'oki. Yakiwa ya kuchemka, ngozi inaiva, inakaza, na nywele zinashikilia humo humo. Ndiyo sababu ngozi nyingi hufika buchani zikiwa zimekwanguliwa vipande vipande. Zamisha au mwagia taratibu kwa dakika tatu hadi sita, jaribu kung'oa nywele za mguuni, na zikitoka kwa vidole anza kukwangua. Zilizobaki ziunguze kwa moto, kisha osha na kwangua tena mpaka ngozi iwe safi.

Mtundike kwa miguu ya nyuma, ukipitisha kulabu nyuma ya kano za visigino. Zungushia kisu sehemu ya haja kubwa, ivute nje kidogo na uifunge kwa kamba. Hatua hiyo ya sekunde chache ndiyo inayolinda paja lote lisichafuliwe. Kisha fungua tumbo kutoka juu kwenda chini, makali ya kisu yakitazama nje, na vidole viwili vya mkono wa pili vikiwa ndani kusukuma utumbo nyuma. Toa kibofu bila kukitoboa. Tenga nyongo na ini kwa uangalifu; nyongo ikipasuka, kata na kutupa sehemu iliyoguswa badala ya kuisugua kwa maji, kwani maji huusambaza uchungu.

Ukaguzi hauna mbadala

Kabla ya kitu chochote kuondoka mahali pa kuchinjia, mkaguzi wa nyama aone mwili mzima pamoja na viungo vya ndani. Usivifiche, usivigawe kwanza. Kinachotafutwa zaidi katika nguruwe ni malengelenge ya minyoo ya tegu: vifuko vidogo vyenye maji, vyeupe, vinavyolingana na punje ya mchele au harage dogo, vilivyojificha katikati ya nyuzi za nyama. Hupenda ulimi, moyo, misuli ya taya, kiwambo na bega.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu habari nyingi zimepotoshwa. Anayekula nyama yenye malengelenge ikiwa haijaiva hupata mnyoo mkubwa tumboni. Mnyoo huo hutoa mayai yanayotoka na kinyesi. Mayai hayo yakimezwa na mtu, kupitia mikono michafu, maji au mboga, yanaweza kwenda kujificha kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wameupata kwa njia hiyo. Mtu anaweza kuathirika hata kama hajawahi kuonja nguruwe, ilimradi anaishi karibu na mwenye mnyoo. Mbulu na Mbozi ni miongoni mwa wilaya zetu ambako watafiti wameukuta ugonjwa huu kwa nguruwe na kwa watu. Kwa hiyo choo kinachotumika, nguruwe anayefugwa bandani badala ya kuzurura, na muhuri wa mkaguzi ni mambo yanayokwenda pamoja. Ukiona malengelenge, mwite mkaguzi na ukubali uamuzi wake hata ukiuma. Kukata sehemu iliyoonekana na kuuza iliyobaki ni kumdhuru jirani yako.

Baridi kwanza, kukata baadaye

Nyama ya moto ni laini kama unga uliokandwa. Haikatiki kwa mstari ulionyooka na hutoka maji. Ipoe kwanza. Lengo ni nyuzi 7 au chini yake, zikipimwa kwenye kina cha paja karibu na mfupa, ndani ya saa 24. Mwenye chumba cha baridi atapasua uti wa mgongo kwa msumeno na kutundika nusu mbili usiku kucha zikiwa hazigusani.

Wasio na chumba hicho wachinje alfajiri au jioni, kulingana na ubaridi wa mahali. Nyanda za juu za Iringa au Njombe usiku husaidia sana. Dar es Salaam haisaidii. Huko kwenye joto gawa nguruwe mapema katika mapande manne au sita, yapange kwenye friza kwa safu moja yenye nafasi, na usirundike moja juu ya jingine mpaka yapoe. Friza iliyojazwa nyama ya moto kwa mkupuo hubaki na joto katikati, na hapo ndipo nyama huanza kuoza ikiwa juu imeganda.

Kukata nusu ya nguruwe

Laza nusu mezani, ngozi chini, mbavu zikikutazama. Toa figo pamoja na mafuta yake. Vuta kwa mkono na yatabanduka kama blanketi. Chini yake, kando ya uti wa mgongo, kuna sarara, msuli mrefu mwembamba ambao ndio laini kuliko wote. Utoe kabla hujakata kitu kingine, kwa sababu ukiuacha utakatwa vipande na mapigo yanayofuata.

Sasa mguu wa nyuma. Tafuta kwa kidole mfupa wa nyonga unaojitokeza mwishoni mwa uti. Pima vidole vitatu mbele yake, kuelekea kichwani, na ukate nyama kwa kisu kirefu kwa mstari unaokatiza mguu. Ukifika kwenye mfupa, shika msumeno, pitisha mara chache, kisha rudi kwenye kisu kumalizia ngozi. Utaratibu huu, kisu kwa nyama na msumeno kwa mfupa tu, ndio unaoondoa unga wa mifupa na chembe zinazovunja watu meno.

Upande wa mbele, hesabu mbavu kutoka shingoni. Kati ya mbavu ya nne na ya tano, kata moja kwa moja hadi mgongoni, na bega litatoka. Kimebaki kiwiliwili cha kati chenye mgongo juu na tumbo chini. Chora mstari kwa ncha ya kisu, vidole vinne hivi kutoka uti wa mgongo, ukienda sambamba nao. Kata mbavu kwa msumeno kufuata mstari huo, kisha tenganisha nyama kwa kisu. Una sehemu kuu nne: mguu, mgongo, tumbo na bega.

Kila moja ina mgawanyo wake. Mgongo ukatwe chopsi zenye unene wa sentimita mbili hadi mbili na nusu, au utolewe mfupa na kuuzwa kama steki. Kwenye tumbo, ingiza kisu chini ya mbavu na ukiegemeze kwenye mfupa, ukizitoa zote kama zulia moja. Wateja wa nyama choma watazigombania, na tumbo lililobaki ni mali ya bekoni. Bega lina mfupa mpana wa bapa: uhisi kwa kidole, kata juu yake mpaka uonekane mweupe, uufuate kuzunguka, kisha uuvute. Juu ya bega kuna nyama ya shingo yenye mistari ya mafuta, ambayo naiona ndiyo tamu kuliko zote kwa rosti.

Mguu ndio darasa la mkataji. Ugeuze upande wa ndani, toa mfupa wa nyonga, kisha tazama kwa makini juu ya nyama. Utaona mstari mwembamba mweupe unaopinda, mahali misuli miwili inapokutana. Weka ncha ya kisu hapo na uvute kwa wepesi huku mkono wa kushoto ukifungua nyama. Utando utaachia wenyewe, ukikatika kwa sauti ndogo, bila kujeruhi nyuzi hata moja. Endelea hivyo na mguu utajigawa katika minofu minne: wa ndani ya paja, wa nje, wa mbele juu ya goti, na wa makalioni. Mfupa wa paja utabaki mtupu mkononi. Minofu mitatu ya kwanza inafaa kwa steki nyembamba na mishikaki, ikikatwa kukatiza nyuzi ili isiwe migumu. Wa makalioni huchomwa mzima.

Kila kipande na moto wake

Kinachotembea sana huwa kigumu na chenye ladha. Kinachokaa tu huwa laini. Ndiyo kanuni nzima ya mapishi. Mgongo na sarara vinahitaji moto mkali wa muda mfupi. Bega, shingo, mbavu na muundi vinataka moto mdogo na subira, mpaka gegedu na kano ziyeyuke. Kichwa na kwato ni supu ya masaa, yenye tangawizi, ndimu na pilipili. Ngozi iliyochemshwa, ikakaushwa na kukaangwa huvimba na kuwa karakara. Mafuta ya mgongoni na ya figo yakatwe vipande vidogo na kuyeyushwa kwa moto mdogo pamoja na maji kidogo. Yakichujwa huwa meupe na hukaa muda mrefu kwenye chombo kilichofunikwa, mahali pa baridi.

Kwa kitimoto rosti, chagua bega au shingo, na ukate vipande vinavyolingana, vya sentimita tatu hivi. Kulingana huko ndiko kunakofanya viive pamoja. Chemsha kwa maji machache na chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu mpaka maji yakauke na nyama ilainike. Iache ijikaange kwa mafuta yake yenyewe hadi ipate rangi, ndipo uweke vitunguu, hoho, karoti na nyanya. Ndizi na kachumbari zikiwa tayari kando, hakuna anayeuliza mchuzi.

Kwa bekoni ya nyumbani, pima kwa mizani: gramu 25 za chumvi na gramu 10 za sukari kwa kila kilo ya tumbo. Paka pande zote, funga kwenye mfuko, na uweke kwenye friji kwa wiki moja ukigeuza kila siku. Suuza, kausha, kisha ifukize moshi wa mti mgumu usio na rangi wala dawa. Ukitumia chumvi maalumu yenye nitraiti, fuata kipimo cha pakiti kwa gramu, kamwe usikadirie kwa kijiko, kwani ikizidi ni sumu. Hii ni nyama mbichi bado. Ikaange vizuri kabla ya kula.

Kuhusu kuiva, wataalamu wa Marekani huruhusu nyama nzima ya nguruwe iishie nyuzi 63 kisha ipumzike dakika tatu, na ya kusaga nyuzi 71. Katika mazingira yetu, ambako nguruwe wengi huchinjwa bila kukaguliwa, nashauri kila kipande kifike nyuzi 75 katikati. Chopsi nene ichomwe nje kwa moto mkali, kisha isogezwe pembeni imalizie taratibu. Mchoma nyama asikubali kuharakishwa na mteja mwenye njaa.

Usafi, mabaki na heshima

Visu vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha viingizwe kwenye maji ya nyuzi 82 au zaidi. Ndicho kiwango kinachotumika machinjioni. Ubao ukwanguliwe na kukaushwa. Kisu kilichogusa utumbo kisiguse nyama kabla ya kuoshwa.

Mabaki mabichi na maji ya kuoshea usiwape nguruwe wengine kamwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu nchini Kenya mwaka 1921, haimpati binadamu, lakini inafagia banda zima ndani ya siku chache, na virusi vyake huishi muda mrefu ndani ya nyama mbichi hata iliyogandishwa. Zika mabaki kwa kina, osha buti, na usichinje nguruwe mwenye homa ili kuokoa hasara. Hasara hiyo utawahamishia wafugaji wa kijiji kizima.

Mwisho, tunaishi na majirani ambao dini yao haiwaruhusu nyama hii. Vifaa vya nguruwe viwe na alama na visiazimwe kwa kazi nyingine, friza iwe yake, na usafirishaji uwe kwenye chombo kilichofunikwa. Biashara inayowaheshimu majirani hudumu mahali pake.

Pa kuanzia

Kama fedha ni kidogo, nunua kwa mpangilio huu: kisu cha kutolea mifupa pamoja na kinoo, kisha msumeno, kisha kipimajoto, halafu ubao. Anza na mguu mmoja tu. Jizoeze kutafuta utando na kuufuata mpaka mkono uuzoee. Kisha tenga sinia nne buchani: ya chopsi, ya mbavu, ya steki na ya nyama ya rosti, kila moja na bei yake, na mweleze mteja kila kipande kinapikwaje. Akiipika vizuri nyumbani atarudi, na atakuja akikitaja kipande anachokitaka. Na wewe mnunuzi, usisubiri kufungiwa chochote kinachoanguka kwenye gogo. Omba kuona muhuri, omba kipande kwa jina lake, na omba kikatwe kwa kisu. Mwenye bucha hubadilika anapoulizwa na wateja wengi kuliko anapohimizwa na kanuni.